Mchungaji, muulizeni kwanza kama anaumia

Mhariri, naomba nafasi kidogo na jina langu usilitoe maana hapa Nkuhungu tunajuana.

Nina miaka sita kwenye ndoa, ndoa ya kanisani kabisa, tulitangazwa Jumapili tatu na semina ya wachumba tulihudhuria yote, tukafundishwa fungu la kumi, bajeti, kuishi na mawifi, ila ilipofika mada ya tendo la ndoa mwalimu akasoma Waebrania 13:4 kwamba malazi yawe safi, akasema mengine mtayakuta hukohuko, watu wakacheka tukafunga kwa sala. Dakika kumi hazikufika.

Sasa baada ya mtoto wa pili mke wangu akaanza kufunga. Mwanzo nilifurahi, nikasema nimeoa mwombaji. Ikawa Jumatano na Ijumaa, ikaja mikesha, ikaja siku 21, na asipokuwa mkeshani mtoto analazwa katikati yetu, nikisogea tu naambiwa baba watoto niko kwenye mfungo. Unabaki unahesabu misumari ya dari.

Nikampeleka kwa wazee. Wakamsomea 1 Wakorintho 7 mstari wa 3, haki ya mume, wakauruka wa 5 unaosema mpatane kwanza, na mimi nilikaa kimya maana ule wa 3 ulikuwa unanifaa. Mama mmoja akasema hilo ni jini mahaba. Basi akaombewa wiki tatu, analia mpaka anakaukiwa sauti, sisi tunasema upako umeshuka.

Aliyetufungua macho ni nesi wa kliniki, siku ya kupima uzito wa mtoto, wala hatukwenda kwa shida hiyo. Alimuangalia tu akamuuliza, mama, mkikutana unaumia? Mke wangu akavuta kanga mpaka mdomoni, akatingisha kichwa kukubali. Kumbe tangu ajifungue, aliongezewa njia akashonwa, kila tukikutana ni kama anachanwa upya! Nesi akatuambia mama anayenyonyesha homoni zinashuka anakuwa mkavu, na penye mshono maumivu yanaweza kubaki muda, yapo mafuta maalum ya kulainisha, tusiwe na haraka, akamwandikia amuone daktari. Hakukemea pepo hata moja.

Usiku nikamuuliza kwa nini hukuniambia, akanijibu, ningesema naumia ungesema sikutaki, ila nikisema nimefunga hubishi. Sikuwa na jibu Mhariri, na mpaka leo sina.

Na sio wanawake tu, sukari na presha (na baadhi ya dawa zake) zinamaliza nguvu za wanaume wengi, nawajua wawili wamejificha kwenye kwaya, mazoezi kila siku mpaka saa nne usiku, wake zao wanajua wanaume wameokoka sana.

Ninachoomba ni hiki, kwenye semina za wachumba mleteni nesi asimame saa nzima aongee kwa lugha ya kueleweka, na mtu akija ofisini na shida hii aulizwe kama anaumia kabla ya kufunguliwa mstari wowote.

Juzi nimeombwa niwe msimamizi wa ndoa ya vijana fulani nikamwambia mchungaji hivyohivyo, akacheka akasema aa, hayo watayakuta hukohuko. Tangazo la kwanza limeshasomwa.

Baba wa wawili,
Nkuhungu, Dodoma