Picha iliyojazwa iandikwe kuwa imejazwa

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya kusifu programu za simu zinazozirudisha picha za zamani zikawa kama zimepigwa jana. Mimi ni fundi picha hapa Magomeni kwa mwaka wa 31 sasa, na nilianzia kwenye chumba cha giza. Naomba nafasi niseme jambo ambalo makala haikuligusa.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa Jangwani waliniletea albamu zilizolowa maji ya Msimbazi. Karatasi zilikuwa zimegandana. Ukizibandua, uso wa mtu unabaki mgongoni mwa picha ya juu yake. Mpaka leo bado zinaletwa. Mwezi uliopita alikuja dada mmoja na paspoti saizi ya marehemu baba yake, upande wa kulia wa uso umeliwa na maji. Kwenye simu alikuwa na nyingine, kijana wa mtaani kwao alishamtengenezea kwa programu: safi, macho yote mawili yanang'aa.

"Baba, mimi niliipenda," akaniambia, "lakini mama nilipomwonyesha aliuliza, huyu nani?"

Nikaziweka sambamba. Mzee alikuwa Mmakonde, na kwenye shavu la kushoto, lile lililosalimika, chale zake zinaonekana wazi. Programu ilizifuta. Ilizihesabu kuwa chenga, vile vidoti vinavyojitokeza ovyo kwenye picha, ikaziondoa pamoja na madoa ya tope. Hasira ya jambo hilo haijanitoka. Mtu kachanjwa ili ajulikane kwao, maji ya mafuriko yamemwachia chale zake, halafu zinakuja kufutwa na simu.

Tatizo ni kuchanganya chenga na tundu. Nikiipiga karatasi ileile mara 4 kwa kamera na kuchukua wastani, chenga za kamera hupungua kwa nusu. Nikiipiga mara 16, hubaki robo. Hiyo ni kwa sababu chenga hubadilika kila pigo, sura haibadiliki. Lakini tundu la karatasi nalo halibadiliki. Piga mara 1,000, utapata tundu lilelile, tena limetulia vizuri. Pale hakuna cha kurudisha. Kinachowekwa ni makisio, na programu hukisia kwa kufuata nyuso ilizofundishwa. Kama haikuonyeshwa chale za kutosha, chale kwake ni uchafu.

Kukisia kwenyewe si kosa. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, kitu cha angani chenye mvutano mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hautoki, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na vipimo vyenye mapengo makubwa kuliko ya karatasi yoyote niliyowahi kuletewa: darubini chache za redio zilizotawanyika Hawaii, Arizona, Meksiko, Chile na Hispania. Picha nyingi tofauti zingeweza kulingana na vipimo hivyohivyo. Kwa hiyo wanasayansi walijigawa vikundi vinne, kila kimoja kikatengeneza picha yake bila kuwaambia wenzao. Vyote vinne vikatoka na pete, upande wa chini ukiwaka zaidi. Hapo ndipo walipopata imani na pete ile. Programu ya simu hutoa jibu moja, na halina alama yoyote ya kuonyesha wapi ilisoma na wapi ilibuni.

Ninachoomba ni hiki: mkichapa picha ya zamani iliyopitia programu hizo, andikeni chini yake sehemu ipi imejazwa. Na sisi mafundi tumpe mteja nakala mbili, iliyojazwa na isiyojazwa, na karatasi yake ya asili tumrudishie hata kama imebaki kipande.

Picha ya yule mzee nimeitoa tope, chale zipo, upande wa kulia nimeuacha kijivu. Paspoti saizi zamani zilitoka nne nne, nikamwambia binti aulizie kwa ndugu. Shangazi yake wa Newala anayo moja sandukuni; imefifia na mende wameila pembeni, lakini uso upo mzima. Ameshaikabidhi kwa kondakta wa basi.

Fundi picha,
Magomeni, Dar es Salaam