Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Usiku wa Kutazama Nyota, Lushoto, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamoo, na karibu sana Lushoto. Tunajua umetoka Tanga mjini kwenye joto. Huku juu, zaidi ya mita 1,300, kipupwe hakina mzaha, ndiyo maana tumekupokea kwa blanketi badala ya shada la maua.

Wengi hutuuliza kwa nini tunawaita wananchi nje Julai. Mheshimiwa, mwezi huu, ukungu ukituhurumia, kundi la nyota liitwalo Nge hupita karibu na utosi mapema usiku, na kando ya mkia wake Njia ya Maziwa, ule utepe mweupe wa nyota, hung'aa kuliko kwingine kote. Tena usiku usio na wingu ndio wenye baridi kali, kwa kuwa joto la ardhi hupaa bila cha kulizuia.

Kazi kubwa basi si darubini, ni wageni. Anayetetemeka haoni nyota, anauliza saa. Tunachagua siku ambayo mwezi mwandamo una siku 4 au 5: watu huanza na mashimo yake, ukizama kama saa 4 usiku wanapata giza kamili. Darubini hutolewa nje mapema ipoe sawa na hewa, la sivyo picha inachezacheza. Mdomoni tumeivalisha bomba la boksi, umande usitue kwenye lenzi. Tatizo limebaki pumzi: mtoto huweka jicho, anapiga kelele "Naona!", kioo kinapata mvuke na anayefuata haoni kitu. Tochi tumezifunga karatasi nyekundu, maana macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. (Waheshimiwa madereva, taa za magari tafadhali.)

Mheshimiwa, hatuombi darubini kubwa zaidi. Tunaomba blanketi, chupa kubwa za chai, kwani ya tangawizi huisha kabla mwezi haujazama, swichi ya kuzimia taa za ulinzi hapa uwanjani, na banda la kukinga upepo. Wazee wetu ndio wanaojua habari za Kilimia, kile kishada cha nyota, na majira ya kupanda, na ndio wa kwanza kukimbizwa na baridi.

Foleni ya darubini inaanza na wewe. Tunaomba kuwasilisha.