Kisukari kipi, Mhariri?

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Muheza. Mwaka wa kumi na moja huu nina kisukari, na mjukuu wangu wa miaka tisa anacho pia. Watu wakisikia husema, "Kumbe mmerithishana." Hatujarithishana. Changu ni aina ya pili, chake ni aina ya kwanza.

Kongosho langu bado linatoa insulini, kichocheo kinachoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye seli, ila mwili umekuwa mkaidi, hauitii. Ndiyo maana vidonge vya metformini, kupunguza ugali na kutembea kwa miguu hadi sokoni vinanifaa. La mtoto halitoi. Kinga ya mwili wake mwenyewe imeziua seli zinazotengeneza insulini. Hakula pipi kupita wenzake. Kabla ya Januari 1922, kijana wa miaka 14 alipodungwa insulini kule Toronto, watoto wa namna yake walikuwa wakingojea kufa tu.

Makala yenu ya Jumapili ilieleza vizuri lishe na mazoezi, lakini mwanzo hadi mwisho imeandika "kisukari" basi. Napenda kusahihisha watu, nakiri, ila safari hii nina sababu.

Mwaka jana jirani, kwa nia njema kabisa, alimletea binti yangu unga wa majani ya mlonge. "Mbona bibi yake hadungwi sindano na yu mzima?" Binti akaacha sindano. Siku ya pili mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anahema kama aliyetoka kukimbia, na pumzi yake inanukia embe lililoiva mno. Zahanati walimpima malaria. Mimi nilikuwa na mashine yangu ya sukari mkobani. Haikutoa namba, iliandika HI. Binti akadhani imeharibika. Kumbe sukari imepita upeo wa mashine yenyewe! Alilazwa siku nne kwa dripu na insulini.

Kuna pia kisukari cha mimba, ambacho mara nyingi huondoka mama akijifungua, ila humwachia hatari ya kupata aina ya pili baadaye. Na hata mimi huenda siku moja nikahitaji sindano; sitakuwa nimehamia aina ya kwanza, ni kongosho limechoka.

Sasa chupa za insulini tunazihifadhi katika chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga mbichi, maana friji hatuna. Juu yake, ukutani, binti amebandika makala yenu. Ninaloomba ni maneno matatu tu kila mkiandika: "aina ya kwanza" au "aina ya pili". Katika nakala yetu nimekwisha kuyaongeza, kwa kalamu nyekundu.

Mwalimu Mstaafu,
Muheza, Tanga