Kiapo hicho sili, mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Mama yako na wadogo zako wanakusalimu sana. Sisi wazima, ila bibi magoti yanamsumbua tangu mvua zianze. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa peke yangu ufukweni Kibirizi, maana sikutaka mama yako auone uso wangu. Jambo lenyewe si la simu, ndiyo maana nimeshika kalamu, na barua nampa mjomba wako anayepanda treni wiki hii.

Unasema wakala wa mpira kakwambia miaka kumi na tisa ni mingi kwa mchezaji, ungekuwa na kumi na sita mlango ungefunguka. Kwa hiyo anataka mimi baba yako nikale kiapo kwamba ulizaliwa 2009, na kwamba hukuzaliwa Kigoma, ili usije ukasumbuliwa na maswali ya uraia huko mbele.

Kiapo hicho sili.

Sijakasirika. Unachokikimbia nakijua. Mimi nimeshushwa kwenye basi mara mbili, nikaulizwa jina la babu yangu na kijiji alichozikwa, abiria wenzangu wananitazama dirishani kama mwizi, kwa sababu tu nimetoka Kigoma, mkoa wa mpakani. Inauma mpaka leo. Lakini mwaka ule wa 2006 nilikuwepo. Ulizaliwa alfajiri, umeme umekatika, mkunga anafanya kazi kwa taa ya chemli, na mimi niliyeishika ile taa mkono ulikuwa unatetemeka hadi akanifokea. Niende leo mbele ya hakimu niseme usiku ule haukuwepo?

Ngoja nikusimulie habari ya mtu mmoja.

Mwaka 1985 nilikuwa mtoto wa shule, na jina la mpira wa Ulaya tulilolijua sisi ni Platini, Mfaransa wa Juventus ya Italia. Kwenye uwanja wetu wa vumbi tuligombana kila jioni nani awe Platini. Bonini hakuna aliyetaka kuwa, wala hatukumjua. Nimemjua juzi tu, mdogo wako aliponiwekea mechi ya zamani ya Juventus kwenye simu yake. Nikaona kuna mtu anakimbia bila kupumzika, anaupora mpira, anampa Platini, anarudi kukaa mahali pake. Nikamwambia mdogo wako, huyu anacheza kama kaka yako. Tukamtafuta.

Massimo Bonini ni mtu wa San Marino, alizaliwa huko 1959. San Marino ni nchi yenye kilomita za mraba 61, imezungukwa na Italia pande zote, watu wake hawazidi elfu thelathini na nne hivi. Manispaa yetu peke yake ina zaidi ya laki mbili. Nilipiga hesabu moja nikacheka: ziwa letu lina karibu kilomita za mraba 33,000, kwa hiyo San Marino nzima ingegawiwa Tanganyika, kila mmoja angeondoka na takriban kilomita yake nzima ya mraba ya maji, wazee kwa watoto.

Katika nchi hiyo akatoka kijana akaenda Cesena, timu ya Italia, na mwaka 1981 Juventus wakamchukua. Hapo alikaa miaka saba. Ubingwa wa Italia mara tatu, 1982, 1984 na 1986. Kombe la Washindi barani Ulaya 1984. Kombe la Ulaya la vilabu 1985, ile fainali ya Brussels ambayo kabla haijaanza walikufa watu 39 uwanjani, furaha yake ikawa na msiba ndani yake. Mwishoni mwa mwaka huohuo wakaenda Tokyo, wakachukua kombe la mabara kwa penalti. Kote huko alikuwa kiungo mkabaji kama wewe. Kuna kisa kinasimuliwa hadi leo: mwenye timu, Agnelli, alimkuta Platini anavuta sigara, akashtuka. Platini akamjibu kwamba cha muhimu ni Bonini asivute, maana anayekimbia ni yeye.

Sasa sikiliza ninapotaka kukufikisha. Mwaka 1982 Italia walichukua Kombe la Dunia. Zoff, Gentile, Cabrini, Scirea, Tardelli, Rossi, wote sita wa Juventus, wote walianza siku ya fainali. Bonini alikuwa akivaa nguo chumba kimoja na hao, akifanya nao mazoezi kila asubuhi. Wamerudi na kombe la dunia, yeye hana hata timu ya taifa, kwa sababu wakati huo San Marino haikuwa mwanachama wa FIFA. Njia ilikuwepo. Achukue uraia wa Italia, avae jezi ya bluu, basi. Hakuna ambaye angemlaumu, lugha ni moja, ligi ni moja. Hakuuchukua.

Sikufichi kitu: aliwahi kuchezea vijana wa Italia wa chini ya miaka 21, kwa kuwa kwao hakukuwa na timu na taratibu za wakati huo zilimruhusu. Hakudanganya mtu yeyote. Ilipofika mahali pa kuchagua awe nani kwenye karatasi, akabaki alivyozaliwa, na kikosi cha wakubwa cha Italia kikampita.

San Marino iliingia FIFA na UEFA mwaka 1988. Mechi yao ya kwanza ya mashindano ilikuwa Novemba 1990, dhidi ya Uswisi, wakafungwa manne bila. Bonini alikuwa na miaka 31, miguu ya kiungo imeshaanza kuchoka, na akavaa jezi ya kwao. Alicheza mechi 19 mpaka 1995, halafu akawa kocha wao. Katika hizo 19 hakushinda hata moja, maana San Marino ushindi wao wa kwanza waliupata 2004, bao moja dhidi ya Liechtenstein.

Mtu aliyebeba Kombe la Ulaya, mechi 19 bila ushindi. Nimelifikiria hilo usiku kucha na sioni kama alipunjwa.

Umesema pia kwamba hakuna anayekuona, kwamba wafungaji ndio wanaopigiwa simu. Jana nilikuwa chini ya boti moja pale mwaloni, naikalafati. Unaukumbuka ule mkao, umelala chali kwenye mchanga, pamba umeilowesha mawese, unaisukuma kwenye mwanya wa ubao kwa patasi butu, kidogokidogo, mawese yanakuchuruzikia mpaka kwapani. Ulikuwa unanishikia taa ukiwa na miaka saba, ukaniuliza kwa nini tusipake rangi tu. Mwenye boti alipokuja akaisifia rangi. Mimi nilikuwa nauangalia ule mwanya wa tatu kutoka usukani, ambao nimeurudia mara mbili, kwa kuwa ndio utakaowafikisha watu hadi ng'ambo ya Kongo usiku wakiwa wakavu. Wewe kazi yako uwanjani ni hiyo. Kocha anayejua mpira anaiona, na wa kwako amekupanga mechi zote. Hilo ulilitaja harakaharaka mwishoni mwa ujumbe kana kwamba si kitu.

Na kuhusu Kigoma kuwa mbali: Juma Kaseja ni mtu wa hapahapa. Mwaka 2003 alisimama golini Cairo, Simba wakawatoa Zamalek kwa penalti, waliokuwa mabingwa wa Afrika. Aliitwa Kaseja, na kwao palijulikana.

Hofu yangu nyingine, mwanangu, ni hii. Ukipunguza miaka mitatu leo, utalazimika kuikumbuka kila siku. Utamwogopa uliyesoma naye, utamwogopa mdogo wako, kwa sababu kwenye karatasi atakuwa mkubwa kwako. Wakala atakuwa amekushika shingo muda wote atakaotaka.

Kama miaka kumi na tisa ni mingi kwa mlango huo, mlango huo tuuache. Ada ya muhula nimeshalipa nusu, nusu nyingine boti hii ikishushwa majini. Ukiona huko kumekushinda, rudi, timu yetu ya Mashujaa wapo Ligi Kuu na Lake Tanganyika ni uwanja unaoujua kila shimo lake. Hutarudi kwa aibu.

Ndani ya bahasha nimekuwekea nakala ya cheti chako, kile cha 2006. Mpe wakala aione. Halisi ninayo sandukuni.

Mjomba ana ndoo na dumu. Dagaa mama yako kawafunga kwenye ndoo. Dumu la mawese mfuniko wake umelegea, mwambie mjomba asilishushe kwa kulilaza.

Baba yako