Msing'oe gego linaloweza kuzibwa

Ndugu Mhariri,

Hapa Bukavu, kuanzia Kadutu hadi Panzi, mtu akifika na gego lenye shimo, mara nyingi anaambiwa ling'olewe. Akiuliza kama haliwezi kuzibwa, anajibiwa kwamba simenti haidumu. Jibu hilo linatuuma, kwa sababu meno mengi yanayotupwa kwenye ndoo yangeweza kutafuna miaka mingine mingi.

Simenti tunayosema ni ayonoma ya kioo: unga wa kioo chenye floraidi unaochanganywa na maji ya asidi. Inashika jino yenyewe, haihitaji taa wala mashine, kwa hiyo umeme ukikatika kazi inaendelea. Kuoza kunakwanguliwa kwa vifaa vya mkono tu. Njia hiyo ilianzia jirani zetu Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza simenti hii katika orodha yake ya dawa za lazima.

Mbona basi inatoka? Kosa la kwanza liko dukani. Kuna ayonoma ya kugandishia kofia za meno, boksi lake limeandikwa «scellement». Ni nyepesi, na ikiwekwa kwenye gego inalika upesi. Ya kuzibia ni ile nzito, ya «obturation» au «restauration». Bei zinatofautiana, na anayeagiza huchukua ya rahisi.

Kosa la pili ni vipimo. Kwa aina nyingi nzito ni kijiko kimoja cha unga kilichosawazishwa, kwa tone moja. Chupa ilazwe kwanza ili hewa itoke kwenye mdomo wake, ndipo igeuzwe wima, mdomo chini. Tone lenye povu ni tone pungufu. Unga ugawanywe mara mbili: nusu ya kwanza ikorogwe sekunde 10, iliyobaki iingizwe, yote iishe ndani ya sekunde 30. Wengi wakiona mchanganyiko mgumu wanaongeza tone. Hapo ndipo kazi inapoharibika: maji yakizidi, simenti inakuwa dhaifu na kupasuka. Mchanganyiko mzuri unang'aa. Ukishafifia, utupeni, hata kama inauma kutupa, maana hautashika tena jino. Wakati wa joto unafifia mapema zaidi.

Kosa la tatu ni mate. Kingo za shimo zisafishwe kabisa, kuoza kulikolainika kutolewe. Chini karibu na neva, sehemu iliyo imara iachwe. Shimo lipakwe asidi ya kusafishia kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, lioshwe kwa vipande vya pamba yenye maji, likaushwe kwa pamba kavu. Mate yakigusa hapo, osheni na mkaushe upya. Simenti ikishajaa, kidole chenye glavu na vazelini kikandamize kwa nusu dakika hivi, ziada itolewe, mgonjwa aume kuona kama kimo ni sawa, vazelini ipakwe tena, na asile kwa saa nzima.

Si kila jino linafaa. Lenye usaha, lenye neva iliyo wazi, au linalouma lenyewe usiku, halizibwi hivi. Na shimo linalopita kati ya meno mawili hushindwa mara nyingi kuliko lile la juu ya gego. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajalipa.

Tunaomba wanaoagizia vituo vya afya waandike kwenye oda aina kamili ya simenti, na wakague kwamba kila boksi limefika na kijiko chake. Kijiko cha boksi jingine kina ujazo tofauti, na kikichanganywa, vipimo vyote hapo juu havina kazi.

Waganga wawili wa meno,
Bukavu