Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya: mpatanishi aje kabla ya dalali

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu nyumba zinazopigwa mnada ilhali mwenye nyumba na benki hawajawahi kuketi meza moja.

Muda wa kuketi upo. Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa mkopaji miezi mitatu ya kulipa malimbikizo, kisha notisi ya siku 40 kabla ya kuuza, na dalali naye ana siku zake 45. Zikifuatana, ni karibu nusu mwaka, na wote huishia kwenye makaratasi. Barua zinatoka kwa wakili wa benki, kwa Kiingereza cha mahakamani, na ada yake inaongezwa juu ya deni lile lile. Aliyefutwa kazi akienda tawini anaambiwa faili ilishapelekwa makao makuu. Hata akiwa na nusu ya malimbikizo mkononi, hana wa kuzungumza naye.

Mahakama zetu zina upatanishi tangu 2016, ulipoanzia mahakama za Milimani, Nairobi. Lakini ili aufikie, mkopaji lazima kwanza ashtaki, na mara nyingi hufanya hivyo mnada ukikaribia, akihangaika kutafuta pesa za wakili na amri ya kuusimamisha. Wengi hawafiki huko.

Kule Philadelphia, Marekani, mwaka 2008 mahakama iliamuru kwamba nyumba inayokaliwa na mwenyewe isiuzwe kabla ya kikao cha mapatano. Washauri wa mikopo na mawakili wa kujitolea walikaa na familia, na mwakilishi wa benki akawa pale pale. Si kila nyumba iliokolewa, ila hakuna aliyepaswa kuipoteza bila kusikilizwa.

Na benki zetu hufaidika nini na mnada? Wanunuzi huogopa kununua kesi, kwa hivyo bei hushuka. Ikishuka zaidi ya robo chini ya thamani ya soko, sheria inachukulia kuwa benki haikutimiza wajibu wake, na mnada unaweza kuzaa kesi nyingine. Salio la deni likibaki, mtu aliyekwisha kupoteza nyumba atalilipa kwa pesa gani?

Najua wapo watakaotumia upatanishi kuchelewesha malipo. Ndiyo maana siombi hata siku moja ya nyongeza. Ziagize benki zifanye kikao ndani ya ile miezi mitatu ya kwanza, mbele ya mpatanishi aliyekubaliwa na pande zote mbili. Benki ilete ofisa mwenye mamlaka ya kuongeza muda wa mkopo au kupunguza riba papo hapo; karani wa kuandika kumbukumbu za kikao hatoshi. Mke au mume aliyetia sahihi ya kuidhinisha nyumba iwekwe dhamana aalikwe pia, na mazungumzo yawe kwa lugha wanayoielewa. Tangazo la mnada lisipelekwe gazetini mpaka mpatanishi athibitishe kwa maandishi kwamba kikao kilifanyika.

Wako mwaminifu,
Mkopaji wa nyumba, Kitengela