Kabla ya Kuchagua Mfumo wa Tovuti, Tuambie Nani Atabadilisha Bei

Swali la kwanza tunaloulizwa na mteja mpya ni lile lile: "Mtanijengea kwa WordPress au kwa kitu kingine?" Nasi tumezoea kulijibu kwa swali letu. Bei ikibadilika Jumanne asubuhi, ni nani ofisini kwako atakayeingia kwenye tovuti na kuibadilisha? Wengi hunyamaza kidogo. Wapo wanaocheka na kusema, "Si ninyi?" Hapo ndipo kazi ya kuchagua inapoanza, maana mfumo unaompendeza fundi anayeshinda kwenye msimbo unaweza kumtesa karani mwenye dakika 10 kati ya simu mbili.

Mfumo wa kusimamia maudhui, ambao wengi huuita CMS, na WordPress ni mmojawapo, ni chumba cha nyuma cha tovuti. Mgeni hakioni. Wewe unaingia kwa jina na nywila, unaandika habari, unapandisha picha, unabonyeza kitufe, na ukurasa unabadilika. Pasipo mfumo huo kila neno linakaa ndani ya faili, na kila badiliko hupitia kwa fundi. Hilo si baya kwa kila mtu. Kampuni yenye kurasa 5 zinazoguswa mara moja kwa mwaka haihitaji CMS hata kidogo, na tumeshawaambia wateja kadhaa hivyo wakaondoka na tovuti ya faili tupu, inayofunguka upesi na isiyo na ukurasa wa kuingilia ambao mwizi angeukazania. (Mhasibu wetu hapendi sana ushauri huu.)

Ukurasa mtupu au fomu?

Kosa letu kubwa katika jambo hili tulilifanya tukidhani ni ukarimu. Mteja aliyekuwa akiuza vipuri vya mashine alitaka uhuru wa kupanga kurasa apendavyo, tukamwekea chombo cha kujenga kurasa kwa kuburuta na kudondosha. Siku ya makabidhiano kila mtu alifurahi. Miezi kadhaa baadaye tulipoifungua tovuti ile tulikuta bei zimeandikwa kwa namna nne: huku herufi nzito, huku rangi nyekundu, huku zimo ndani ya picha, na kipuri kimoja kina bei mbili tofauti katika kurasa mbili. Hakuna aliyezembea. Sisi ndio tuliompa mtu ukurasa mtupu na kumtaka atunze mpangilio wote kichwani.

Tulichopaswa kumpa ni fomu. Jina la kipuri hapa, namba yake hapa, bei hapa, picha hapa, mashine inayoingia kipuri hicho ichaguliwe kwenye orodha. Anajaza mara moja, na mfumo wenyewe unaipeleka taarifa ile kwenye ukurasa wa kipuri, kwenye orodha ya bei na kwenye matokeo ya utafutaji. Akibadilisha bei sehemu moja, imebadilika kote. Rangi na ukubwa wa herufi havimhusu, na ukitaka kubadilisha sura ya tovuti nzima baada ya miaka mitatu, data ipo kama ilivyo, wala hakuna haja ya kuichomoa kutoka kwenye urembo wa zamani.

Hii ndiyo tofauti hasa kati ya tovuti iliyoundwa kwa ajili ya biashara yako na tovuti iliyonunuliwa na kubandikwa nembo. Mwenye hoteli ana vyumba, mwenye shule ana kozi na tarehe za kuanza, kampuni ya mawakili ina watu na nyanja zao. Kila kimoja kina sehemu zake za kujazwa. Basi unapoonyeshwa mfumo, usikubali kuonyeshwa ukurasa wa mbele unavyong'aa. Omba uonyeshwe fomu atakayoijaza mtu wako, kisha uulize kitatokea nini akiacha sehemu moja wazi au akipandisha picha nzito iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera.

Mifumo mikubwa ya programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, yote inaweza kazi hii, ila kila mmoja kwa tabia yake. WordPress ilizaliwa mwaka 2003, mikononi mwa Matt Mullenweg na Mike Little, ikiwa programu ya kuandikia blogu. Toleo la 3.0 la mwaka 2010 ndilo lililorahisisha kuongeza aina zako za maudhui, na hadi leo sehemu nyingi za fomu huongezwa kwa programu-jalizi, vipande vya ziada vinavyochomekwa kwenye mfumo. Drupal, iliyoanzishwa na Dries Buytaert na kutolewa mwaka 2001, inafikiri kwa fomu: aina za maudhui na sehemu zake zimo ndani ya kiini chenyewe. Gharama yake ni kwamba inataka fundi anayeijua vizuri, na karani atakayeingia siku ya kwanza ataona vitufe vingi kuliko anavyohitaji, isipokuwa fundi huyo amejipa kazi ya kuvificha. Joomla iko katikati. Jina lake limetoka kwenye neno letu "jumla", likaandikwa kwa tahajia ya kigeni mwaka 2005, pale watengenezaji wa mfumo uliokuwa ukiitwa Mambo walipojitenga na kuanza upya. Lugha nyingi na ngazi za ruhusa za watumiaji ni vitu inavyokuja navyo bila kuongeza chochote. Kwa biashara yenye wahariri wengi wenye mamlaka tofauti hilo ni jambo la kuangaliwa, ingawa tunakiri kwamba wateja wanaotuomba Joomla sasa ni wachache.

Programu-jalizi ni mgeni uliyempa funguo

WordPress inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote kwa hesabu za W3Techs, wanaofuatilia teknolojia zinazotumiwa na tovuti, na wingi huo una faida ambayo hatuipuuzi: tukigombana kesho, utampata mtu mwingine wa kuishika tovuti yako. Lakini wingi huo huo ndio unaowavuta wavamizi. Mtu akigundua tundu moja anaweza kulijaribu kwa mashine kwenye mamilioni ya tovuti, bila kujua wewe ni nani wala unauza nini. Wateja hutuambia, "Nani ahangaike na kampuni ndogo kama yangu?" Hakuna anayehangaika. Mashine inapita mlango kwa mlango ikisukuma.

Kiini cha WordPress kinaangaliwa na watu wengi, na tangu toleo la 3.7 la mwaka 2013 masasisho madogo ya usalama hujiweka yenyewe. Matundu mengi yanayoripotiwa yako kwenye programu-jalizi na themu (vifurushi vya sura ya tovuti) zinazoandikwa na watu wengine. Tumeshapokea tovuti yenye programu-jalizi 47, kati ya hizo 3 zikifanya kazi moja, na nyingine mbili mwandishi wake alishaacha kuzigusa kwa miaka. Kila moja ya hizo inaendeshwa ndani ya seva yako, kompyuta inayohifadhi tovuti, ikiwa na uwezo wa kusoma hifadhidata yako, orodha ya wateja ikiwemo. Kwa hiyo fundi akikwambia "hilo nitakuwekea programu-jalizi", mwulize nani ameiandika, imesasishwa lini mara ya mwisho, na ikiachwa kesho utabaki na nini.

Drupal nayo haikukosa siku yake mbaya. Tarehe 15 Oktoba 2014 lilitangazwa tundu kwenye Drupal 7 lililomruhusu mtu wa nje kuingiza amri zake kwenye hifadhidata. Baadaye timu ya usalama ya Drupal yenyewe ilisema kwamba tovuti ambayo haikuzibwa ndani ya saa 7 tangu tangazo ihesabiwe imeshavamiwa. Saa saba! Biashara ambayo fundi wake alikuwa amelala, au amemaliza mkataba, haikuwa na nafasi. Tangu hapo, tunapojadiliana bei na mteja, tunataka ijulikane kwa maandishi nani anasasisha na kwa muda gani, kwa mfumo wowote ule. Programu huria haina malipo ya leseni, lakini kuna mtu lazima alipwe kuitunza, na mteja asiyetaka kumlipa mtu huyo tunamwelekeza kwenye mifumo ya kukodi bila kusita.

Mifumo hiyo ya kukodi, kama Wix, Squarespace na Shopify, inabeba mzigo wa seva, nakala rudufu na usalama. Unalipa kwa mwezi au kwa mwaka, unalala. Kwa duka la mtandaoni linaloanza, Shopify mara nyingi ni jibu zuri kuliko chochote tutakachojenga sisi, kwa sababu masuala ya malipo ya kadi yameshashughulikiwa na watu wanaoamka na kulala nayo. Shida huja siku biashara inapotaka kitu ambacho mwenye nyumba hakukipanga.

Mlango wa kutokea

Kuna swali ambalo mteja huwa haulizi, nasi humlazimisha aulize: nikitaka kuhama, ninaondoka na nini?

Jibu linatofautiana sana. Kwa WordPress, Drupal au Joomla unachukua faili zote na hifadhidata, unazipeleka kwenye seva nyingine, tovuti inaendelea. Shopify hukupa orodha ya bidhaa na wateja katika faili la jedwali, lakini sura ya duka imeandikwa kwa lugha yao ya violezo na haitembei nje ya nyumba yao. Squarespace hutoa sehemu ya maudhui katika muundo unaosomwa na WordPress, huku mengine yakibaki nyuma. Tovuti ya Wix haiwezi kuhamishwa nzima kwenda kwenye seva ya mwingine; unajenga upya. Hatusemi usikodi. Tunasema ujue kabla hujaweka bidhaa ya elfu moja.

Mlango mgumu kuliko yote tuliokutana nao ulikuwa wa mfumo ulioandikwa na fundi mmoja, kwa mteja mmoja. Ulikuwa mzuri, tuseme kweli. Fomu zilikuwa fupi, karani alizipenda. Fundi yule aliondoka kwenda kazi nyingine na simu yake ikawa haipokelewi. Kisha kampuni iliyokuwa ikihifadhi tovuti ikapandisha seva zake kutoka PHP 5 kwenda PHP 7, yaani toleo jipya la lugha ya programu iliyotumika kuuandika mfumo ule. Mfumo ule ulikuwa ukizungumza na hifadhidata kwa maagizo ya zamani ya PHP, ambayo toleo la 7 liliyaondoa kabisa. Asubuhi kurasa zote zikawa nyeupe. Hakukuwa na mwongozo wala sehemu ya kutoa data kwa mpangilio, na majedwali yalikuwa na majina ambayo mwandishi peke yake ndiye aliyeyaelewa. Tulitumia siku nyingi kuyafumbua, jedwali baada ya jedwali, mithili ya watu wanaosoma shajara ya mtu asiyewahi kudhani itasomwa.

Ndiyo maana fundi akikwambia "tutakutengenezea mfumo wetu wenyewe kuanzia sifuri", usiruke kwa furaha. Tovuti iliyoundwa maalumu kwa biashara yako haina haja ya kuwa na chumba cha nyuma kilichobuniwa upya. Unaweza kuchukua mfumo unaojulikana, ukachonga fomu na sura kwa kipimo chako. Na kama unahitaji maudhui yale yale yaonekane kwenye tovuti, kwenye programu ya simu na kwenye skrini za mapokezi, ipo mifumo kama Strapi au Contentful, inayotunza maudhui tu na kuyagawa kwa yeyote anayeyaomba, huku sura ikijengwa kando. Kwa biashara nyingi ndogo huo ni utaratibu wenye vipande vingi mno. Tunaupendekeza mara chache.

Kuna pia mfumo kuzeeka, jambo lisilotajwa siku ya mauzo. Drupal 7 ilitoka Januari 2011 na msaada wake ukakoma Januari 2025. Miaka 14 ni umri mzuri kwa tovuti, lakini kutoka 7 kwenda matoleo yaliyofuata hakukuwa kubonyeza kitufe cha kusasisha. Kwa tovuti nyingi ilikuwa kujenga upya na kuhamisha maudhui. Waliokuwa wameweka data yao katika fomu safi walihama kwa urahisi zaidi. Waliokuwa wameikoroga ndani ya mapambo walilipia mapambo yao mara ya pili.

Mambo mawili ya haraka ambayo hayategemei mfumo: jina la kikoa, yaani jina ambalo watu huandika kufika kwenye tovuti yako, liandikishwe kwa jina la biashara yako, si la fundi, na ukihama hakikisha anwani za kurasa za zamani zinamwelekeza mgeni kwenye kurasa mpya, la sivyo viungo vyote vilivyotapakaa mtandaoni vitaishia kwenye ukuta.

Kuhusu sisi tunavyofanya: baada ya mazungumzo ya kwanza hatuandiki ripoti ya kulinganisha mifumo. Tunaweka nakala za majaribio za mifumo miwili, tunaingiza bidhaa zako chache, kisha tunamwomba mtu wako abadilishe bei, aongeze picha, afute tangazo lililopitwa na wakati. Sisi tunakaa nyuma yake kimya tukihesabu mara anazogeuka na kuuliza, "Sasa nibonyeze wapi?" Kwa hiyo ukija, usije na meneja peke yake. Njoo na yule wa Jumanne asubuhi.